Gitaa la Kushoto

"Munuse! Munuse weye mwenyewe, mama!"

Théophile alikuwa amesimama katikati ya soko la Kasongo, akipitisha kaski chini ya pua za watu, ile ya kusikilizia muziki, inayofunika masikio yote mawili. Sponji yake ya kushoto ilikuwa inanuka. Muuza mawese mmoja alinusa, akaziba pua, akatema mate pembeni.

"Ilishavaliwa hii," Théophile akasema, uso umemkunjamana kwa kinyaa. "Ramazani anatuuzisha uchafu ya masikio ya watu!"

Ramazani alisimama mlangoni mwa butiki yake. Walikulia mtaa mmoja, huyu akienda msikitini na yule kanisani, na jioni wakisikiliza redio moja.

"Théo, ndugu yangu," alisema taratibu, "hii kaski uliitosha mu sashe yake ya plastiki weye mwenyewe, juma lililopita, mbele yangu."

"Ulivalisha watu, kisha ukaifunga tena!"

Hakuna aliyecheka. Théophile ndiye aliyefundisha kwaya ya parokia, na mji mzima hakuna aliyenunua redio, wala ekutere, vile vidude vya kuchomeka masikioni, bila kwanza kuuliza sikio lake. Akisema sauti ni nzuri, basi ni nzuri. Akikunja pua, mzigo utaozea dukani.

Na tangu Pasaka alikuwa akikunja pua tu. Ajabu ni kwamba ekutere za kwanza alizonunua kwa Ramazani, ndogo nyeusi zenye vimpira vyekundu, zilimkosha roho. Alitembea nazo, akala nazo, akalala nazo, hadi mkewe Albertine, mama wa binti yao Darlène, akalalamika kwamba kitandani sasa wako watatu. Katika zile rumba za zamani gitaa moja hulia upande wa kulia, na jingine, lile la kujibu, hulia kushoto. Théophile alilipiga hilo la kujibu ujanani, na hakuwahi kulisikia vizuri namna ile. Hakutamani kitu kingine duniani.

Kisha asubuhi moja gitaa la kushoto likafifia. Kimpira nacho kilikuwa kimechomoka na kupotea. Takataka! Bidhaa gani hiyo isiyomaliza hata juma? Ramazani alimpa kimpira kingine bure, haikusaidia kitu. Akampa ekutere nyingine, akampa za bei kali zaidi, mwishowe akamwagizia kaski kutoka Goma. Zote zilikuwa zilezile: kulia zinaimba, kushoto zinanong'ona. Watu wengine wakizijaribu walisema ni safi, lakini Théophile aliona watu hao wana masikio ya kuning'inizia hereni tu.

"Uigeuze basi," Ramazani alimwomba pale sokoni. "Upande wa kushoto uvae kuume, halafu utuambie."

"Kushoto ni kushoto! Waliandika herufi juu yake. Mutu wa kusoma anavaa vile iko imeandikwa."

Akaitupa kaski vumbini, akapangusa vidole kwenye suruali kama aliyeshika mzoga, akaenda zake.

Tangu siku hiyo wateja walipita upande wa pili wa njia. Watoto walipomwona Ramazani walijishika pua. Hata betri na sabuni hawakununua tena kwake. Mkewe Hidaya ndiye aliyekata shauri: wafunge butiki, wahamie Wamaza kwa wazazi wake, wakalime. Théophile alipopata habari alisema afadhali, soko litapata kupumua.

Lakini harufu ile mbaya haikuhama. Ilikuwa imemfuata nyumbani. Albertine alisogeza magunia ya muhogo akitafuta panya aliyekufa, hakumwona. Akanusa mikeka. Akanusa mito. Mwisho akamnusa mumewe, akaruka nyuma.

"Papa Darlène, ni weye! Ni sikio yako iko inanuka!"

"Ni ile kaski yake! Ameniambukiza ugonjwa ya watu!"

Alitoka papo hapo kwenda zahanati, apate shahidi wa kumsema Ramazani mara ya mwisho kabla hajaondoka. Njiani alipita mbele ya butiki. Pikipiki ilikuwa inafungiwa magodoro na masufuria, na Ramazani akainua mkono kumsalimu. Théophile aligeuza shingo.

Muuguzi, Mama Elsa, alimwinamisha kichwa karibu na dirisha, akamulika kwa tochi, akabana pumzi.

"Papa, kitu iko humu ndani. Kimekaa siku mingi."

"Si nilisema! Uchafu wake!"

"Tulia."

Aliingiza koleo jembamba. Théophile alikaza meno. Kitu kikavutika, usaha ukakifuata, na mara upande wa kushoto wa dunia ukafunguka: kuku, ufagio uani, mtoto akilia mbali.

Mama Elsa alikisuuza kile kitu kwenye bakuli la chuma, akamsogezea aone. Kilikuwa kimpira chekundu.

Nje, pikipiki ya Ramazani iliwaka. Kwa sikio la kushoto, Théophile aliisikia vizuri kabisa, ikipita dirishani na kushika njia ya Wamaza.