Cheche za Jirani

Tangu asubuhi fundi Mbaruku alikuwa akipaka rangi geti alilomaliza kulichomelea jana, na kila alipogeuza kichwa, mwanga ulimmulika pembeni mwa jicho la kulia.

"Tunu," alimwita mkewe, "hebu mwambie jirani aweke turubai anapochomelea. Cheche zake zinaniumiza macho."

Tunu aliweka kikombe chini. "Cheche gani, Baba Hadija? Umeme umekatika mtaa mzima tangu alfajiri."

Mbaruku akatega sikio. Kweli, hakuna mashine iliyokuwa ikinguruma. Mwanga ukapiga tena, kimyakimya.

"Mama yangu alianza hivyo hivyo," Tunu alisema. "Akasema hospitali ataenda kesho, jicho likapofuka. Ziba jicho moja, uniambie unaona nini."

Akaziba la kushoto kwa kiganja chenye rangi. Geti lilikuwa na nondo kumi na mbili, alizikata mwenyewe. Akaanza kuzihesabu kutoka kushoto. Baada ya nane, geti likaishia kwenye giza, kama lililoteremshiwa pazia.

"Tunu," aliita. "Umekwenda wapi?"

Tunu alikuwa amesimama palepale, kulia kwake, upande ule wa giza.