Nyaya za Mushtari

Mjumbe Jecha alipanda ngazi za nyumba ya Mwalimu Muhiddin, Mlandege, akiwa na daftari moja, kalamu mbili na shutuma nzito.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, karibu."

Zamani Jecha alikuwa mwanafunzi wake wa fizikia. Alikaa dawati la nyuma na hakuuliza swali hata siku moja. Siku hizi kuuliza ndiyo kazi aliyopewa na kamati ya mtaa.

"Majirani wamekuja kulalamika," alisema, akivuta kiti. "Juu ya bati lako kuna nyaya za kuzungushia mtaa mzima. Wanasema unasikiliza habari za ng'ambo."

Bi Kidawa, mke wa Mwalimu, alikuwa akimimina kahawa. Nusu ikaingia kikombeni, nusu ikabaki kwenye sinia. Ilikuwa masika ya mwaka 1969, na kamati ya mtaa ilikuwa imezipiga marufuku habari za ng'ambo. Waliokutwa nazo walichukuliwa kwenda kuhojiwa, na wengine mahojiano yao yalikuwa hayajesha tangu mwaka juzi.

"Si habari, Ndugu Mjumbe," alisema Mwalimu. "Ile ni darubini."

"Darubini ina kioo."

"Hii ni ya redio. Huko juu pia kunatoka mawimbi ya redio. Mimi nnamsikiliza Mushtari, ile sayari kubwa kuliko zote."

"Na mie mniandike," alidakia Bi Kidawa. "Mushtari ana kamba juu ya bati, nguo zangu zinakaukia jikoni."

Jecha hakumwandika. Alitazama saa yake ya mkono. Ilikuwa saa moja na robo, sala ya Isha inakaribia.

"Mwalimu, na sisi magazeti tunasoma. Wamarekani mwaka jana wamerusha darubini angani. Ikiwa darubini za kweli zinakaa mbinguni, hii iliyobaki chini inamchungulia nani?"

Lilikuwa swali zuri. Mwalimu, pamoja na hofu yake yote, alifurahi. Alikuwa amelingojea kutoka dawati la nyuma kwa miaka mingi.

"Yao inatafuta nuru," alisema. "Na nuru inasumbuliwa na hewa. Tia sarafu ndani ya ndoo ya maji, utikise, uone kama utaisoma. Tena kuna nuru nyengine hewa haiipitishi kabisa. Kwa hivyo lazima wapande juu yake. Mawimbi yangu hayajali hewa wala mawingu. Yanakuja yenyewe mpaka kwenye bati la Mlandege. Nipande nikafanye nini? Na yao ikiharibika, fundi atapanda kwa ngazi gani? Yangu naikwea mwenyewe."

"Kwa hivyo ya Wamarekani inaona, ya kwako inasikia."

"Naam, unaweza kusema hivyo."

"Na sisi katika kamati," alisema Jecha polepole, "tunaowaogopa ni wanaosikia."

Akainuka, akalifunga dirisha. Akauliza kama jirani wa chini husikia redio ikiwashwa. Mwalimu akajibu kwamba hasikii, maana yeye hutumia vidude vya masikioni. Jecha akaviomba, akavivaa mwenyewe, akakisogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza.

Mwalimu akawasha. Nje mvua ilikuwa inanyesha na mbingu imefunga, lakini Mushtari aliitika. Alitatarika kama bajia zinazotiwa kwenye mafuta ya moto, akatulia, akatatarika tena. Mwalimu alimwangalia Jecha usoni na kwa dakika moja akasahau kwamba anahojiwa. Alitamani sana mtu mmoja tu, hata huyu, ashangae pamoja naye.

Jecha hakushangaa. Alikikamata kifungo cha redio, akakizungusha kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho. Bi Kidawa alikuwa ameshika mlango, anasoma dua chini kwa chini.

"Mtatariko mtupu," alisema Jecha.

"Mtatariko mtupu," alikubali Mwalimu. Hapo akatoa ushahidi aliouweka akiba tangu siku alipoinunua ile redio mnadani. "Na haitoweza kushika kitu chengine maisha. Koili zote, vile visokoto vya waya vinavyoshika stesheni, nshazitoa kwa mkono wangu, ili kamati isiwe na shaka na mimi."

Jecha alivivua vile vidude.

"Umezitoa. Umeziweka wapi?"

"Nimezitupa baharini."

"Zote?"

"Zote. Wallahi, Ndugu Mjumbe, kwenye nyumba hii habari za ng'ambo hazipatikani hata neno moja."

Jecha aliviweka vile vidude juu ya meza. Mwalimu alimwona mabega yamemshuka, akajua kwamba ameshinda. Bi Kidawa naye akajua, akaenda kumimina kikombe chengine.

Kisha Jecha akachana ukurasa kwenye daftari, akaandika mistari miwili na kutia sahihi. Mwalimu akavaa miwani akasoma. Nyaya zote zing'olewe kesho asubuhi, zipelekwe Jang'ombe, nyumbani kwa Mjumbe, kwa uchunguzi.

Ilikuwa kazi ya miaka mitatu. Machozi yalimlenga Mwalimu na hakujali kuyaficha.

"Nshakuonyesha kwamba sina hatia, Jecha. Kosa langu nini?"

Jecha aliitazama tena saa yake. Saa moja unusu ilikuwa imeshapita. Akachungulia ngazini kuona kama kuna mtu, akarudi, akashusha sauti.

"Nyaya zote hizi, Mwalimu, unaipa sayari. Mimi kwangu tangu masika yaanze, kila ikifika saa ya habari za ng'ambo, redio yangu inamshika huyo huyo Mushtari wako tu."