Jiwe la Uani kwa Mwanabaraka

Pazi alilibeba jiwe mwenyewe, kichwani, ndani ya pakacha, na tangu walipotoka kijijini Fukayosi hakumruhusu mtu mwingine kuligusa. Shingo ilimuuma, akalalamika njia nzima. Mwanabaraka, mjane wa kaka yake, alijitolea kumpokea mzigo walipokuwa wakisubiri mtumbwi wa kuvukia Ruvu.

"Niache, shemeji," alimaka Pazi. "Nikikupa utalitosa mtoni, kisha tukaseme nini kwa jumbe?"

Mwanabaraka aligeukia mto. Alikwisha kuchoka kujibu watu. Mvua zilikuwa zimekata, visima vimebaki tope tupu, na kijiji kizima kilikuwa kikitafuta wa kumlaumu. Ndipo kimondo kikaja kuanguka uani kwake, naye hakuthubutu kukisogelea. Na vimondo kila mtu alijua ni vya nini: hutupiwa mashetani wanaopanda kusikiliza kwa siri habari za mbinguni. Kikikuangukia uani, basi huyo shetani alikuwa akirudi kwako.

Wengi walitaka afukuzwe asubuhi ile ile. Aliyewazuia ni Pazi, na kwa jinsi Mwanabaraka alivyomsikia, hakuwazuia kwa huruma.

"Asitolewe kwa maneno matupu," alimwambia jumbe mbele ya watu. "Nimekuwa mpagazi wa yule Mzungu wa Bagamoyo, Bwana Mawe. Anajua kulitambua jiwe la mbinguni. Likithibitika, na aende zake, shamba nitalima mimi."

Neno hilo la shamba lilimchoma Mwanabaraka kuliko yote. Mihogo ile aliipanda na marehemu, na kaburi la marehemu liko pembezoni mwake. Kwa umri wake, angekwenda kuanza wapi tena, na kwa nguvu zipi?

Jumbe alikubali, akamwachia Pazi alihifadhi jiwe hadi alfajiri ya safari, akamtoa Bwanausi aende kuwa shahidi. Shahidi mwenyewe alikuwa mwoga. Siku kimondo kilipoanguka alichungulia kwa mbali, akaona kitu cheusi, akarudi ndani. Sasa alitembea nyuma kabisa, akinong'ona dua, macho yake kila mahali isipokuwa kwenye pakacha.

Waliingia Bagamoyo alasiri. Mji ulijaa wapagazi kutoka bara, na hakuna aliyejishughulisha na watu watatu waliojaa vumbi. Bwana Mawe alikuwa amelala na homa katika chumba alichopanga kwa Mhindi. Aliamka kwa shida, akaketi, akalipokea jiwe, akamegua kipande kwa nyundo.

"Mbona lina masizi?" aliuliza. Kiswahili alikijua vya kutosha.

"Limekuja na moto, bwana," alisema Pazi upesi. "Lisishike masizi?"

Mzungu alitia kipande katika chupa nyembamba, akaishikilia juu ya mwali wa taa. Kungoja kulikuwa kurefu, na homa ilimfanya mtu wa maneno mengi.

"Hapo kale dunia hii haikuwepo," alisema. "Yalikuwepo mavumbi na mawe, yanalizunguka jua. Yakagongana, yakashikamana, madogo yakawa makubwa, mpaka likawa donge moja la moto. Likapoa. Ndilo hili tunalolikanyaga."

"Na bahari, bwana?" Mwanabaraka aliuliza. Hakuna aliyemtarajia kusema, hata yeye mwenyewe.

Bwana Mawe alimtazama. "Hapo wataalamu wanabishana. Mimi nasema maji yalikuja ndani ya mawe. Yako mawe meusi ya mbinguni, ukiyachoma, yanatoa maji. Kidogo tu, matone. Lakini yaanguke mengi, miaka na miaka, na bahari itajaa. Hili likitoa maji, ni la huko juu."

Nje ya dirisha bahari ilikuwa imetanda hadi macho yalipokoma. Maji yote yale, na huko kwao watu wanakamua tope kwa vitambaa. Kisha Mwanabaraka akaitazama chupa. Msimu mzima alikuwa amemwomba Mungu maji, na sasa alimwomba yasije.

Chupa ilibaki kavu.

"Choma tena!" alisema Pazi kwa ukali.

Kikachomwa tena. Chupa haikutoa hata unyevu. Bwanausi alipata ujasiri, akasogea, akasogeza jicho karibu na kioo, akasema, "Alhamdulillahi."

"Jiwe la kawaida," alisema Bwana Mawe. Alilitupa nje ya dirisha, akarudi kulala.

Walipotoka, Pazi aliegemea ukuta, akilikunjakunja pakacha tupu. Mwanabaraka alimwona, akadhani ni hasira za kulikosa shamba, na moyoni akamchukia kwa nguvu kidogo zilizombakia.

Waliporudi Fukayosi, Bwanausi alitoa ushahidi wake kwa sauti kubwa, kama aliyelichoma jiwe yeye. Jumbe akatangaza kwamba mjane asisumbuliwe tena. Watu wakatawanyika. Hakuna aliyemwomba radhi, na yeye alikuwa amechoka mno hata kufurahi.

Jiko lake lilikuwa limepoa tangu alipoondoka. Alichukua kifuu, akaenda kuomba kaa la moto kwa jirani yake wa karibu, Tatu, mke wa Pazi. Alimkuta amepiga magoti katika moshi, anapuliza kuni, machozi yanamtoka.

"Shikamoo, dada. Moto utaupatia wapi kwangu?" alisema Tatu. "Pazi kaniondolea figa langu alfajiri ile mliyoondoka, kanipachikia hili jeusi. Kanikataza nisimwambie mtu, lakini wewe ni wa nyumbani. Hebu tazama mwenyewe: kila nikiwasha, linatoa maji."