Boha la Masika

"Yusta, boha hili umelitia maji!" shemeji yake alipayuka, na kilabu kizima cha Manundu kikageuka kutazama.

Damu ilimpanda Yusta kichwani. Mpika pombe ya miwa akishaitwa mtia maji, kesho atakunywa mwenyewe. Tena anayempakazia ndiye aliyemuuzia miwa ya boha hilo kutoka Kerenge, imelala kwenye mvua masika yote, huku akiapa kuwa ni asali tupu!

Yusta akachukua muwa uliobaki, akaumenya kwa panga, akamsukumia mdomoni.

"Tafuna, shemeji! Watu wakuone!"

Akatafuna. Maji mepesi yakamchuruzika kidevuni mpaka shatini, wala nzi hata mmoja hakuyafuata.

"Haya, sema kwa sauti. Nani katia maji?"

Shemeji akageukia mlangoni. Wateja walikuwa wameshauziba.