Kijani Chini ya Gome

Mwanamume asiyemfahamu alimpigia hodi Sikudhani asubuhi, msumeno mkononi, akasema yeye ndiye aliyeinunua nyumba. Akauelekezea kidole mkrismasi, mti wa maua mekundu, uliokuwa uani.

"Tangi la maji litakaa pale. Tena mti wenyewe umeshakufa, dada."

"Haujafa, kaka. Kiangazi hupukutisha majani yote."

Alisema hivyo, lakini hakuwa na hakika. Bibi Mlasi, mwenye nyumba wa zamani aliyeupanda mti huo, alipokuwa akipelekwa hospitali alimwomba jambo moja tu: autunze mpaka arudi. Masika Sikudhani aliuchimbia mfereji maji yasituame. Kipupwe aliupunguzia matawi. Sasa kila siku aliumwagia maji aliyooshea mchele wa vitumbua.

Akakwaruza kijiti kwa ukucha. Kikavu. Akakwaruza kingine. Kikavu. Akapiga magoti, akakwaruza shina karibu na ardhi, na chini ya gome kikatokea kijani, chembamba kama uzi.

"Ona!"

"Nimeona. Na tangi nilibebe kichwani?"

Sikudhani akakitazama kibanda chake cha vitumbua. Hapakuwa na mahali pengine uani.

"Liweke pale. Nitakivunja mwenyewe."

"Utapikia wapi?"

"Juani."

Yule mtu akampa msumeno.

Kufikia adhuhuri nguzo na makuti vilikuwa chini. Sikudhani akabeba maji ya mchele, akayamimina taratibu shinani, kisha akainua macho kwenye matawi matupu, akitafuta chipukizi.