Kata

Siku ile tulikuwa tunazima mtandao wa zamani, ule wa simu za vitufe, ili intaneti ipate nafasi. Mwenzangu alikuwa kibandani chini ya mnara, kidole kwenye swichi, akingoja neno langu.

Mama akanipigia kwa kisimu chake cha vitufe.

“Mwanangu, nimeanguka, mguu umevunjika. Sipo nyumbani, niko huku kwenye...”

“Salio litakuishia, Mama. Kata, nikupigie!”

“Nimekata, kaka!” mwenzangu akajibu kutoka ndani.

Nikapiga. Hapatikani. Nikapiga tena.

“Washa!” nikapiga kelele. “Mama yuko humo!”

Akatoka akifuta mikono kwenye suruali.

“Hauwashwi tena, kaka. Nafasi yake wameshapewa watu wa video.”