Kiti cha Mama Mkwe

"Sijasema viti ni vibaya," Mwajabu alimfokea mumewe. "Nimesema mtazame mama yangu!"

Kibwana hakutaka kutazama. Viti vya ngozi alivinunua kutoka gari jipya lililopata ajali, akavifungisha kwenye gari lake kuukuu. Mashimo ya nati hayakulingana, kwa hiyo fundi akavichomelea miguu ya chuma, vikapanda juu. Kibwana ni mfupi, hakuona tatizo.

Mama mkwe alikuwa mrefu. Alikaa pale mbele, amevaa tayari kwa harusi ya mjukuu wake, kichwa kimegota kwenye paa na shingo imepinda upande wa dereva, kama anayemwamkia.

"Mkweo anakuinamia, baba Sikudhani, na majirani wanaona!"

"Mwache mwenzio," mama alisema, bila kuweza kuinua uso. "Harusini si mbali. Nitavumilia."

Uso wa Kibwana ukawaka. Afadhali angemtukana.

"Mama, nakuomba ushuke kidogo. Nisamehe."

Alichukua spana, akapiga magoti na kanzu yake nyeupe, akafungua nati zote. Kiti akakiweka kivulini, mama akakikalia, shingo imenyooka. Kisha Kibwana, grisi imemjaa magotini, akaenda kwa miguu hadi kwa kinyozi aliyenunua kwake kiti cha mbele cha zamani cha gari hilo.

Dirishani alimwona mteja amekikalia, kichwa kimenyolewa nusu.

Akapiga hodi.